Ukiona Vyaelea, Uliza Nani Kaviunda

Wajukuu zangu wa Iringa na Njombe, nanyi wa Mbeya na Rungwe, nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mikoa hii mpaka nilipostaafu, na hadi leo watoto wa hapa mtaani Kihesa, Iringa, huja barazani kwangu kuazima vitabu. Najua mnachoazima mbele ya macho yangu, na najua pia mnachosoma kwenye simu mkishafika nyumbani. Leo nataka tuzungumze juu ya hicho cha kwenye simu, yaani hadithi za watoto wa kishua.

Mnazijua kuliko mimi. Binti wa geti kali anaishi Masaki au Mbezi Beach. Baba ana makampuni, mama haishi safari za Dubai. Binti ana miaka 17 na gari lake mwenyewe. Yuko shule ya kimataifa, ila hatumwoni hata siku moja akishika daftari. Anampora rafiki yake mpenzi, picha zinavuja, skendo inazagaa mji mzima, mama anazimia, halafu mlango unafunguliwa na anayeingia ni… itaendelea. Anayetaka sehemu inayofuata atume pesa kwa namba iliyo hapo chini. Na mnatuma. Wengine mnatuma hata ile ya daftari.

Sikuja kuwakataza. Hadithi za namna hii hazikuanza na ninyi, wala hazitaisha na ninyi. Wazazi wenu waliokuwa sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 walizisubiri kwenye magazeti ya Global Publishers, ambako hadithi za Eric Shigongo zilitoka kipande kwa kipande, na gazeti moja lilizunguka bweni zima hadi likachanika kwenye mikunjo. Kabla yao, rika letu tulisoma James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika habari za matajiri na majambazi wa Marekani huku akitegemea ramani na kamusi ya maneno ya mitaani, maana nchi yenyewe hakuwa akiishi. Kutoka Kenya vilikuja vitabu vya David Maillu, na mwaka 1976 serikali yetu ikavipiga marufuku. Marekani nako, mwaka 2002 Cecily von Ziegesar alianza kutoa riwaya za Gossip Girl, habari za vijana wa kitajiri wa Manhattan na mtu asiyejulikana anayeanika siri zao kwenye mtandao. Zikawa tamthilia ya televisheni kuanzia 2007 hadi 2012. Simulizi nyingi mnazonunua leo zimefyatuliwa kwenye kalibu ileile: Manhattan imeondolewa, ikawekwa Masaki.

Marufuku nazo nimeziona. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa kusema wazi yanayowapata wasichana, na miaka ilipopita ikaingia darasani, ikafundishwa. Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto kutoka nje kwa hoja ya maadili. Sina ugomvi na serikali kuchunga maktaba za shule. Ila marufuku huishia kwenye kabati la maktaba, na simu mnalala nayo chini ya mto. Huko hakuna atakayewachunga isipokuwa akili zenu wenyewe, na hizo ndizo ninazotaka kusema nazo.

Tena sishangai kwamba hadithi hizi ni tamu. Mtu wa miaka 16 anataka kujua kama atapendwa, na kama maisha yatamtoa hapa alipo. Ni maswali ya haki. Ukiwa bwenini mwezi wa sita, baridi ya Mufindi imekaza, maji ya kuoga yanauma mpaka kwenye mifupa, na jioni ni makande kama jana, nani hatapenda kukaa nusu saa kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea? Kaeni. Lakini mkiwa ndani ya nyumba hiyo, fungueni macho.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Onyo langu lote limo humo. Hadithi za kishua zinakuonyesha vinavyoelea na kukuficha kazi iliyoviunda. Ukizisoma miaka minne mfululizo bila kuuliza nani kaviunda, utatoka shuleni ukiamini kwamba pesa ni kitu cha kukutana nacho kwenye sherehe, kama vile mtu anavyokutana na mchumba.

Chukueni ukurasa wowote wa asubuhi. Binti anaamka saa nne. Pazia limeshafunguliwa. Mezani kuna chai ya maziwa, mayai, soseji, na papai lililokatwa vipande na kupangwa kwenye sahani. Gauni limepigwa pasi na kutundikwa. Dereva anapiga honi. Binti anasukuma sahani, anasema hana hamu, anachukua mkoba na kutoka, na mwandishi anatoka naye. Ninyi nanyi mnamfuata mbio ili msipitwe na ubuyu. Safari hii msitoke. Bakini pale mezani. Nani aliamka saa kumi na moja? Nani alimenya papai? Nani alifua lile gauni kwa mkono kwa kuwa kitambaa chake hakitaki mashine? Katika hadithi yumo. Ametajwa mara moja tu: hausigeli akaingia na chai. Hana jina, hana kwao, hana mama.

Sisi huku jina lake tunalijua. Kwa miaka mingi Iringa na Njombe zimejulikana Dar es Salaam kuwa ndiko wanakotafutwa mahausigeli. Mtu wa mjini akitaka msichana wa kazi humpigia simu jamaa yake wa Kilolo, Mufindi au Makete, na haipiti muda msichana yuko safarini. Nendeni Ipogolo asubuhi, mabasi ya Dar yanaposimama. Mtamwona: sweta la shule limevuliwa nembo, kibegi kimoja, namba ya simu ya tajiri imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kufungwa kwenye pindo la kitenge. Basi linamshusha mlima wa Kitonga, linampitisha Mikumi na Morogoro, linamfikisha kituo cha Magufuli kule Mbezi. Anakwenda kwenye nyumba zilezile mnazosoma. Ana umri uleule wa binti wa kwenye hadithi. Watakaa chini ya paa moja miaka miwili au mitatu, na hadithi itaandikwa juu ya mmoja tu.

Binti mmoja wa Kilolo aliyefanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo aliporudi alikaa na mimi jikoni tukichambua maharage, akanisimulia. Alisema duka la jirani lilikuwa linaidai nyumba ile mchele, sabuni na mafuta, na aliyekuwa akitumwa kwenda kuomba mkopo mwingine ni yeye. Alikuwa anasimama pembeni ya duka mpaka wateja wote waondoke ndipo aseme shida yake, ili wasimsikie. Getini walinzi wawili, uani magari matatu. Binti wa mwenye nyumba hakujua lolote juu ya deni hilo, akaendelea kuagiza piza. Huo ni ukurasa ambao hamjawahi kuuziwa, na mimi nasema una habari kubwa kuliko skendo zote mlizosoma muhula huu.

Sasa tupige hesabu. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, katika nyumba ya kawaida, shilingi 60,000 kwa mwezi. Binti wa hadithi akikasirika hubamiza simu ukutani. Kwa kima hicho, simu ya shilingi 2,400,000 ni mshahara wa miezi 40 wa yule anayekuja na fagio kuzoa vipande. Mwandishi hakupigi hesabu hiyo, kwa sababu ukiipiga utamu unapungua. Ipigeni wenyewe. Na kama kuna mwenzenu anayefikiria kuacha shule apande basi, mwambieni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kulipwa na kupumzika kama mfanyakazi mwingine, na kwamba kipo chama cha kuwatetea kinachoitwa CHODAWU. Haya yajulikane kabla ya tiketi kukatwa.

Nije kwenye mapenzi, maana ndiyo mnayofuata katika hadithi hizi. Katika simulizi nyingi, mwanafunzi maskini anakutana na pedeshee. Pedeshee anamnunulia simu, anampangia chumba, mke wa pedeshee anakuja kufanya fujo, hatimaye mapenzi yanashinda na harusi inafungwa hotelini. Mabinti zangu, mtu huyo mnamjua. Kuanzia mwaka 2008 redio zetu zilirusha vipindi vifupi juu ya mzee anayewarubuni wanafunzi kwa chipsi na vocha, na nchi nzima ikamwita Fataki. Kwenye redio majirani walikuwa wakimwumbua kabla hajafanikiwa, tukacheka, na binti akaenda nyumbani salama. Huyo wa kwenye simulizi ni Fataki yuleyule, isipokuwa amevalishwa suti na kupewa nafasi ya bwana harusi.

Mjue pia ankara yake huku kwetu inasomekaje. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamhukumu kifungo cha miaka 30 anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mimi nililipokea tangazo lile kwa furaha kubwa, kwa kuwa niliwahi kuona viti vya wasichana hodari vikibaki wazi hadi mwisho wa mwaka. Lakini kurudi na mtoto mgongoni si kazi ndogo. Na kuna ambacho hakuna tangazo linaloweza kukirudisha. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yamezidi asilimia 11 Njombe na Iringa, na asilimia 9 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Ule wa 2022/23 bado uliikuta Njombe ikiongoza nchi nzima. Sisi ni watu wa barabara kuu ya Zambia. Tumezika. Nyumba nyingi za Makambako, Mafinga na Tunduma zililelewa na mabibi kwa sababu kizazi cha katikati kiliondoka. Ndiyo maana nikiona kitabu ambacho ndani yake watu kumi wanabadilishana wapenzi na hakuna hata mmoja anayekwenda kupima, nasema kitabu hicho kinawadanganya watoto wa mikoa hii kuliko wa mkoa mwingine wowote.

Msidhani nawatuma kwenye vitabu visivyo na skendo. Waandishi wetu wakubwa waliandika skendo tele. Someni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Maimuna ni binti wa tajiri, Bwana Maksuudi, amefungiwa ndani ya jumba la baba yake kama mali nyingine zilizomo. Anatoka, anaangukia kwenye ulevi na ukahaba. Kuna siri za baba, kuna kisasi, kuna kila kitu mnachokipenda. Lakini Said Ahmed hakuachi uondoke mezani. Anakuonyesha ukali wa Maksuudi na uchafu wake vinaishi nyumba moja, na wanaolipia ni mke na binti. Someni Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1972, mwone jinsi mapenzi ya Bahati yanavyogeuzwa ngazi ya kupandia kwenye mali ya mzee. Someni Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi, 1975. Tumaini anarithi pesa za baba yake akiwa kijana, anaingia Mwanza, anakula bata mpaka pesa zinakaribia kumla yeye. Na Rosa wa Rosa Mistika, ambaye baba yake Zakaria alimpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, alikwenda chuoni bila mtu aliyemfundisha kuzungumza na mvulana bila woga. Kezilahabi aliwaonya wazazi kabla ya kuwaonya mabinti. Wazazi mnaosoma barua hii juu ya mabega ya watoto wenu, sehemu hiyo ni yenu: fimbo haikumwokoa Rosa.

Tofauti ya vitabu hivyo na simulizi za simu haimo kwenye ukali wa matukio. Imo kwenye uaminifu. Katika vitabu hivyo mtu akivunja kitu, unaonyeshwa mkono unaookota vipande.

Wavulana, msikae mkicheka. Ninyi hadithi hizi zinawakamata kwa mlango mwingine. Mnamwona kijana wa miaka 20 anamwaga noti kwenye kumbi za starehe, mnadhani huo ndio uanaume. Nimeona vijana wa Mwanjelwa na Kabwe kule Mbeya wakichukua mkopo wa kausha damu ili wanunue simu na viatu vya kumvutia msichana, halafu bodaboda waliyoachiwa na baba ikaondoka na mkopeshaji. Kijana anayeendesha bodaboda yake aliyoinunua kwa jasho, anarudi jioni na kumpa mama yake pesa ya unga, huyo ana hadhi ambayo pedeshee wa hadithi hana. Na msichana mwenye akili huiona.

Liko jambo moja zaidi, nalo linaniuma. Katika Gossip Girl, aibu ya mtu ni burudani ya mji. Mazoea hayo yamehama, yameingia mabwenini. Kuna makundi ya WhatsApp ya ubuyu wa shule, ambako picha ya msichana aliyopigwa akiwa bafuni au aliyomtumia mtu aliyemwamini inarushwa kwa watu mia kabla ya kengele ya saa mbili. Katika hadithi, binti aliyevujishiwa picha anavaa miwani myeusi na kurudi mjini kwa kishindo, akipata kiki. Maishani anaomba uhamisho, au anakaa kimya nyumbani, na tunaanza kumchunga usiku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza picha za ngono na kumdhalilisha mtu mtandaoni, na anayesambaza ana kosa hata kama si yeye aliyepiga. Lakini kabla ya sheria uko utu. Picha ya mwenzako ikikufikia, ifute, kisha nenda ukakae naye. Wengine wakimwona hajaachwa peke yake, nusu ya aibu imeondoka.

Basi nawaachia haya. Mkisoma hadithi ya kishua, kwa kila ukurasa ulizeni maswali mawili: nani amefanya kazi hapa, na nani atalipa? Mwandishi mwenye majibu, msomeni tena. Asiye na majibu, msomeni kama mnavyokula peremende, msimfanye mwalimu. Pesa ya kununua sehemu inayofuata isitoke kwenye nauli wala kwenye daftari. Iliyotoka kwa mama yenu ilitoka kwenye viazi, na gunia la lumbesa alilibeba mgongoni hadi barabarani. Kwa kila simulizi kumi, someni riwaya moja nzima. Mkikosa pa kuazima, barazani kwangu kabati liko wazi.

Na mwisho, andikeni. Nyanda zetu zina matajiri na zina skendo, ila bado hazijapata wa kuziandika vya kutosha. Kuna utajiri wa mbao za Mufindi, ambako msindano husubiriwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuingia msumeno, na kuna mjane anayenyang'anywa shamba la miti na mashemeji mwaka uleule ambao miti imekomaa. Kuna maparachichi ya Njombe na Rungwe yanayopanda ndege na meli, na vijana waliogombana na baba zao ili wang'oe mahindi wapande miche. Kuna wachumaji wa chai, kuna wafanyabiashara wa mpunga wa Kyela na Usangu, kuna mapenzi na usaliti katika kila moja ya habari hizo. Na kuna yule binti wa Kilolo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na inapokea riwaya. Mmoja wenu aandike ile nyumba ya Masaki kuanzia jikoni, aeleze deni la dukani, ampe hausigeli jina lake, jina la kijiji chake na jina la mama yake. Akiandika vizuri, wasomaji watasubiri sehemu inayofuata kwa hamu ileile, na safari hii watakuwa wanaisubiri kweli yao.

Mungu awakuze, awape akili ya kusoma na moyo wa kuhurumiana.